Hoho zangu zinabaki kijani, nyingine zinageuka kahawia: nimeuziwa mbegu feki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Ilazo, Dodoma. Tulihamia kutoka Dar es Salaam mume wangu alipohamishiwa Mtumba. Nyuma ya nyumba nina miche 14 ya hoho. Nilisia mwanzoni mwa Juni, nikahamisha mwishoni mwa Julai. Pakiti ilikuwa na picha ya hoho nyekundu, za njano na za rangi ya chungwa, lakini sasa ni katikati ya Oktoba na nachuma kijani tu. Nimepunguza majani ili jua lifike kwenye matunda, wapi. Nne zilianza kuwa kahawia begani, nikazitupa kabla hazijaambukiza wenzake. Nyingine zina baka jeupe ubavuni, nyingine zimeoza kitako, na maua mapya yanadondoka. Jirani mmoja anasema tatizo ni maji yetu ya kisima, mwingine anasema niongeze urea. Nimeuziwa mbegu feki? Halafu nimepanda pilipili mbuzi karibu na hoho: zitakuwa kali? Watoto wangu hawali kikali. Na kuku wa jirani nao wameanza kunizoea.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na habari itakayokuuma kidogo: zile nne ulizotupa ndizo zilizokuwa zinaiva.

Hoho ya kijani ni tunda bichi. Tumeizoea hivyo sokoni mpaka tunadhani kijani ni aina yake, kama vile mtu aliyekulia kwenye maembe mabichi ya chumvi asijue kwamba embe huwa la njano. Ikikomaa, ule ukijani unaotokana na klorofili huanza kuvunjika, na chini yake hujengeka rangi nyingine za jamii ya karotenoidi. Katika hoho nyekundu, rangi kubwa inaitwa kapsanthini. Sasa kuna siku kadhaa ambapo kijani hakijaondoka na wekundu umeshaingia. Changanya rangi ya kijani na nyekundu kwenye kikopo uone unapata nini. Unapata kahawia, rangi ya chokoleti. Huanzia begani au ubavuni kama doa, na mtu asiyeijua lazima ashtuke.

Siku nyingine ukiona kahawia, usikimbilie ndoo ya taka. Shika tunda, libonyeze kwa kidole gumba pale penye doa. Kama ni gumu, ngozi inang'aa na hakuna bonde, liache, ndani ya wiki moja au mbili litakuwa limekolea. Kama kidole kinazama, au pameingia ndani pakawa kama ngozi ya kiatu, hapo ni kuoza.

Halafu kuna hesabu ya siku. Tangu ua lifunguke mpaka hoho ifikie ukubwa wake kamili ikiwa kijani, weka wiki sita au saba. Kutoka hapo mpaka rangi ikamilike, ongeza wiki tatu au nne. Ulihamisha mwishoni mwa Julai, kwa hiyo maua yako ya kwanza yalikuja mwishoni mwa Agosti. Piga hesabu mwenyewe: zilizokuwa zinageuka ndizo zilizowahi, na hizo nyingine zilikuwa bado zinasubiri zamu, wewe ukazichuma. Wakulima wanaopeleka masoko ya Majengo na Sabasaba huchuma kijani makusudi, kwa sababu ni ngumu, haipondeki njiani, na kila tunda unaloliondoa mapema linaupa mche nafasi ya kubeba jingine. Hizo wiki za ziada ni za jua, ndege na wadudu, ndiyo maana hoho ya rangi ina bei yake. Wewe huna lori la kuwahi, unazo wiki tatu za kusubiri.

Wala usichume kijani ukaipanga dirishani ukitegemea iive kama nyanya au ndizi. Hoho iliyochumwa ikiwa kijani kabisa itasinyaa kabla haijawa nyekundu. Ila iliyoshageuka kiasi cha nusu, hiyo unaweza kuichuma ikamalizia rangi ndani ya nyumba, na ni mbinu nzuri ukiwa na ndege wasumbufu.

(Ngogwe, yaani nyanya chungu, ni kinyume chake, na wote ni ukoo mmoja pamoja na bilinganya na mnavu. Ngogwe ikishaanza kuwa na wekundu imekupita: mbegu zimekomaa, uchungu umepanda. Kwa hiyo kwenye bustani hiyo hiyo, kitanda kimoja unachuma kabla ya rangi na kingine unachuma baada ya rangi.)

Kuhusu mbegu, siwezi kumhukumu muuzaji kwa picha ya pakiti. California Wonder na Yolo Wonder, ambazo ni aina za zamani na zimeenea, mwisho wake ni nyekundu. Huwezi kupata njano humo hata ungezibembeleza. Hoho za njano na za rangi ya chungwa ni aina nyingine kabisa, na nyingi ni chotara ambazo mbegu yake ni ghali. Picha ya rangi tatu mara nyingi ni pambo. Soma jina la aina lililoandikwa, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe, basi. Ukikutana na hoho ya zambarau, nunua ujifurahishe, lakini ujue kwamba ule uzambarau umekaa kwenye ngozi ya nje tu, ndani nyama yake ni kijani. Ukiipika, uzambarau unapotea unabaki na kijani chako. Nayo ukiiacha mtini itaishia kuwa nyekundu.

Sasa majani. Hapa ndipo ulipojiumiza, na wengi hujiumiza hapa. Jua la moja kwa moja kwenye tunda haliletei hoho rangi. Rangi inakuja kwa kukomaa, na hoho iliyofichwa katikati ya majani inakuwa nyekundu vizuri tu. Majani ndiyo jiko linalopika sukari ya tunda, na ndiyo paa lake. Umeezua paa mwezi wa Oktoba, Dodoma! Tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, hakuna wingu, na jua la saa nane linachoma si mchezo. Baka jeupe unaloliona, naamini liko upande unaotazama machweo au juu begani. Mwanzoni linakuwa limepauka kama ngozi iliyolowekwa, kisha linakauka likawa kama karatasi. Huko ni kuungua jua, si ugonjwa, haliambukizi. Shida ni kwamba baadaye ukungu mweusi huota juu yake, ndipo mtu anasema hoho zimeoza. Lililoungua kidogo, kata sehemu ile, kilichobaki kipike leo.

Kuanzia leo usikate jani lolote lenye afya. Weka kivuli chepesi. Ukipata neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, vizuri. Usipopata, simika nguzo nne za mita moja na nusu hivi, tandika fito, juu yake panga mabua ya mtama au ya mahindi kwa nafasi, mwanga upite kwa michirizi kama kwenye ukuta wa fito ambao haujakandikwa. Upande wa magharibi shusha mabua kidogo. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilijifanya mjanja nikatandika turubai la plastiki la buluu. Kivuli kilikuwepo, lakini chini yake hewa haikutembea, na nilipoingiza mkono saa tisa mchana ilikuwa kama nimeuingiza kwenye mvuke wa sufuria ya makande. Miche tisa ilipukutisha maua yote ndani ya siku tatu. Kivuli kinachozuia hewa ni jiko.

Hilo linatuleta kwenye maua yako. Hoho hupukutisha maua mchana unapovuka nyuzijoto 32 na kuendelea, hasa kama na usiku una joto. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto, kwa hiyo hata mimi yangu yanadondoka. Usihangaike na dawa za madukani za kuzuia maua kudondoka. Linda mche uwe hai na matunda uliyonayo. Mvua zikianza Desemba, mawingu yakatulia, utaona maua yanashika tena. Na usiing'oe miche kwa hasira: hoho si mahindi, ukiitunza inaweza kuvuka msimu. Ikichoka, kata matawi ubakize mapanda ya kwanza, weka samadi, itachipua.

Zilizooza kitako ni habari nyingine. Kama doa liko chini kabisa, kahawia au jeusi, limeingia ndani na ni gumu kama ngozi, huo ni upungufu wa kalsiamu kwenye tunda. Watu wakisikia kalsiamu wanakimbilia kusaga maganda ya mayai. Maganda huchukua muda mrefu mno kuyeyuka, na kwa kawaida ardhi yetu kalsiamu inayo. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba mpaka ncha ya tunda. Ukimwagilia ndoo mbili Jumapili kwa sababu maji yametoka, kisha Jumatano udongo umepasuka, tunda linanyimwa kwa siku hizo tatu na kitako kinakufa.

Kwa hiyo chimbia kila mche kisahani cha upana wa sinia la chai, kina cha vidole vitatu. Lita moja na nusu hadi mbili kila asubuhi wakati huu wa joto, ongeza kidogo kama udongo wako ni kichanga. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole: kama chini ya pingili ya pili pana unyevu, subiri kesho. Juu ya kisahani tandaza matandazo ya unene wa vidole vinne. Maganda ya karanga ni mazuri sana na Dodoma hayakosekani. Nyasi kavu zisizo na mbegu pia zinafaa. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, maana mchwa wa hapa hawahitaji kualikwa mara mbili. Siku za mgao, chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kitundu cha sindano kwenye kifuniko, ikachomekwa kichwa chini karibu na shina, itakudondoshea pole pole. Maji uliyooshea mchele na mboga, mwaga humo. Ya sabuni ya unga, hapana.

Jirani wa kwanza hajakosea sana. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na hoho haivumilii chumvi kama mchicha unavyovumilia. Angalia vitu viwili: udongo unabaki na unga mweupe ukikauka? Kingo za majani ya chini zimeungua kama zimepitishwa kwenye moto? Kama ndiyo, usimwagilie kidogo kidogo kila saa, maana chumvi inabaki juu ilipo mizizi. Mwagilia ya kutosha kwa mara moja, na kila baada ya wiki mpe maji ya bomba au ya mvua ya kushusha ile chumvi chini. Majivu usiongeze.

Jirani wa pili muage kwa heshima. Urea kwa sasa itakupa majani laini yanayowapendeza vidukari, itaongeza kuoza kitako, na maua yatazidi kupukutika. Kama miche imepauka, mbolea ya CAN kijiko kimoja cha chai kwa kila mche, umbali wa shubiri kutoka shinani, kisha maji. La maana zaidi ni samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyoiva, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu ya mkojo. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuletea magugu ya malisho yote waliyopita ng'ombe.

Wadudu nitawagusa tu kwa kuwa hujawataja, lakini wakati huu wa ukavu watakuja. Majani machanga yakijikunja kwenda juu kama mtumbwi, mara nyingi ni thripsi, vidudu vyembamba kama kipande cha uzi. Yakijikunja kwenda chini na kuwa magumu, shuku utitiri. Mwarobaini umejaa mitaani kwetu: menya mbegu zilizokauka, twanga, loweka gramu 50 kwa lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tone la sabuni ya maji, nyunyiza jioni hasa chini ya majani. Ukinyunyiza mchana jua linaiua nguvu. Na kama kuna mzee nyumbani anayevuta sigara au kunusa ugoro, anawe mikono kabla ya kushika miche. Sisemi kwa adabu tu, kuna virusi vya tumbaku vinavyohamia kwenye hoho kwa mikono.

Mwakani usisie Juni. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, miche inadumaa kitaluni, ukija kuzaa unakutana na joto la Oktoba, kama ilivyokutokea. Sia kati ya katikati ya Februari na Machi, mbegu kina cha sentimita moja, zitaota ndani ya wiki moja hadi mbili. Hamisha Aprili mvua zinapoaga, mche ukiwa na majani matano au sita, nafasi ya nusu mita. Ua la kwanza kabisa, lile linalokaa kwenye panda ya kwanza, litoe. Najua linauma, kila mtu hulionea huruma, lakini ukiliacha mche unabeba mimba ukiwa mtoto. Kisha acha matunda matano au sita kwa wakati mmoja kwa kila mche ikiwa lengo ni rangi. Miche hiyo itaiva Julai na Agosti, na adui atakuwa upepo, si jua. Weka ua wa mabua upande upepo unapotokea na egemeza kila mche kwenye kijiti.

Na usiweke hoho peke yake. Pembezoni mwa kitanda weka mchicha mwekundu, karoti, na bamia za ganda jekundu ukipata mbegu. Bamia na mchicha zinacheka na joto ambalo hoho inalilia.

Pilipili mbuzi sasa. Hoho zako hazitakuwa kali. Hata nyuki akibeba chavua kutoka kwa pilipili mbuzi akaiweka kwenye ua la hoho, nyama ya tunda ni ya mama yake, na ukali hutengenezwa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Tena hizo mbili ni jamii tofauti na hazichanganyiki kirahisi. Ingekuwa ni pilipili ndefu za kawaida, mbegu utakazozitunza ndizo zingeweza kukuletea kizazi kikali mwakani. Ukitaka kutunza mbegu, chukua za tunda lililoiva kabisa, lililokaa mbali na pilipili kali, na la aina isiyo chotara. Mbegu za hoho ya kijani hazijakomaa, utasia utachoka.

Hatari yako kubwa na watoto ni kisu. Ukikata pilipili mbuzi kisha ukakatia hoho kwa kisu hicho hicho bila kukiosha, basi hapo ndipo hoho "imekuwa kali".

Ukipata ya kwanza iliyokolea, usiitie kwenye mchuzi. Ikate vipande virefu, nyunyiza chumvi na ndimu, wape watoto kama wanavyopewa maembe mabichi. Imeongezeka sukari na imepoteza ule uchungu wa majani ambao watoto huukataa. Vitamini C nayo hufika kama miligramu 128 kwa gramu 100, wakati ya kijani ina kama 80, na kwa kuwa moto huiharibu, mbichi ndiyo yenye faida. Ya pili iweke moja kwa moja juu ya makaa, igeuze mpaka ngozi iwe nyeusi yote, funika kwenye bakuli dakika kumi, menya kwa vidole bila kuosha. Iponde na karanga zilizokaangwa na matone ya mafuta ya alizeti, ile rangi nyekundu inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Kula na ugali wa uwele, mlenda pembeni. Mume wako wa Dar atauliza nyama iko wapi, mwache aulize.

Zikizidi, zikate nyembamba uzikaushe kivulini juu ya ungo, umefunika kitambaa. Wagogo wamekausha majani ya mlenda na kunde hivi miaka yote, hewa hii kavu tunayoilaumu inafanya kazi hiyo bure.

Kuku nao. Ndege hawausikii ukali wa pilipili, kwa hiyo pilipili mbuzi yako haiwezi kuwa mlinzi, na wekundu unawaita kuku na shorewanda kutoka mbali. Funga mfuko wa neti wa vitunguu kwenye kila tunda linaloanza kahawia, chini weka ua wa mabua ufike kiunoni. Na jogoo anayeruka ua, hilo ukazungumze na mwenyewe, jioni, ukiwa umembebea hoho mbili.